Mjadala: Vijana wa China wanaikubali serikali yao, au wamenyamaza tu?

Dafu: Utafiti wa Harvard wa 2016 ulikuta zaidi ya asilimia 93 ya Wachina wameridhika na serikali kuu. Miaka mitano baadaye, vijana wa nchi hiyo hiyo wakaja na "tang ping", yaani kulala chali: usihangaike, usipande cheo, usioe, usinunue nyumba. Sasa hilo ni kukubali au kukataa? Mimi naona tang ping ni uvivu uliopewa jina zuri, lakini nawasikiliza.

Bint Pwani: Uvivu! Ndugu yangu, unaijua 996? Saa tisa hadi saa tisa, siku sita kwa wiki. Jaribu mwezi mmoja ndipo uje kumwita mtu mvivu.

Pweza Mkavu: Saa tisa alasiri hadi saa tisa usiku? Kumbe ni walinzi.

Bint Pwani: Umenielewa vizuri, unatafuta ugomvi tu. Tisa yao ni tatu yetu.

Pweza Mkavu: Basi andika 336. Unawaandikia Waswahili, saa zao zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza.

Mzee wa Hesabu: Iwe 996 au 336, saa 12 mara siku 6 ni 72. Sheria ya kazi ya China inasema saa 8 kwa siku, wastani usiozidi 44 kwa wiki, na kazi ya ziada isipite saa 36 kwa mwezi. Hata ukimtolea saa 2 za chakula na kupumzika kila siku, anabaki na 60. Hiyo ni ziada ya 16 kwa wiki, na wiki ya tatu haijaisha keshavuka kikomo cha mwezi mzima. Agosti 2021 Mahakama Kuu ya Juu na wizara ya kazi walitoa kesi 10 za mfano na kusema wazi kwamba 996 ni haramu. Mojawapo ilihusu mfanyakazi aliyesainishwa karatasi ya kusamehe malipo ya ziada: ile saini ikahesabiwa batili. Inapokwama ni kwenye ushahidi. Anayedai ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba alibaki kazini, na kumbukumbu za mlangoni zinashikwa na mwajiri.

Kungwi: Mnahesabu saa za kazi wakati nusu yao kazi hawana. Vijana wasio na ajira ni asilimia 46.

Mzee wa Hesabu: Hiyo 46 si ya serikali. Ni makadirio ya profesa wa Chuo Kikuu cha Peking kwa Machi 2023, na alijumlisha watu kama milioni 16 walioacha kutafuta kazi, wakalala chali au wanakula kwa wazazi. Namba rasmi ya mwezi ule ilikuwa 19.6, ya Juni ikafika 21.3, kwa vijana wa mijini wa miaka 16 hadi 24. Agosti wakasimamisha kuitangaza. Iliporudi Januari 2024 wanafunzi walikuwa wameondolewa kwenye hesabu, ikasomeka 14.9.

Kungwi: Kwa hiyo mimi mwongo, na aliyeficha daftari ndiye mkweli?

Mzee wa Hesabu: Sikukuita mwongo. Nimesema umebeba namba bila kubeba maelezo yake.

Bint Pwani: Kungwi ana haki ya kukasirika. Ukiwa na uvimbe hufichi kioo.

Dafu: Jamani, swali langu lilikuwa la 93.

Pweza Mkavu: 93 gani? Ukiulizwa na mtu usiyemjua kama unaridhika na serikali, utajibu nini? Funika kombe mwanaharamu apite.

Mzee wa Hesabu: Kuna njia ya kumkwepa huyo mwanaharamu. Gawa watu makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lipe kauli 3 za kawaida, la pili kauli zilezile na ya nne inayoiunga mkono serikali. Usiulize "unakubali ipi", uliza "unakubali ngapi". La kwanza likitoa wastani wa 1.6 na la pili 2.3, tofauti ni 0.7: watu 70 kati ya 100 wameikubali ile ya nne, na huwezi kumnyooshea kidole yeyote. Sharti kauli mbili kati ya zile tatu zipingane, maana anayekubali zote nne kajianika. Utafiti wa namna hii uliochapishwa 2024 uliishusha ile 90 na ushee hadi kati ya 50 na 70. Imeshuka, ila bado ni wengi.

Na Dafu, ile 93 ni ya serikali kuu tu. Ngazi ya chini kabisa, kwenye utafiti uleule, ilipata kama 70. Kwao sultani mwema, maliwali ndio wabaya.

Bint Pwani: Mtihani wa utumishi wa umma wa 2025, milioni 3.4 walipita mchujo wa maombi kugombea nafasi 39,700. Watu 86 kwa kiti kimoja! Ungekuwa unaichukia serikali ungeomba ikuajiri?

Kungwi: Wanakimbilia mshahara usiokatika, wao wanaita bakuli la chuma. Kampuni nyingi zikiona umevuka 35 hazikutaki. Serikali yenyewe ilikuwa na kikomo hicho hicho, imekipandisha hadi 38 kwa mtihani wa Novemba 2025. Na ukifaulu kuandika bado kuna usaili, kupimwa afya, halafu kuchunguzwa siasa zako. Mwenye ndoto ya kiti hicho atachunga mdomo miaka mingi kabla.

Bint Pwani: Na wale walioandamana kupinga karantini ya Korona wakiinua karatasi nyeupe tupu za A4, Novemba 2022, baada ya moto wa mji wa Urumqi? Hawakuchunga.

Pweza Mkavu: Shanghai kuna waliotaka Rais Xi ang'oke. Chuo Kikuu cha Tsinghua waliimba wimbo wa taifa. Ukisema wote walitaka kitu kimoja umewadanganya wote.

Dafu: Sawa, neno uvivu nimelifuta. Lakini watoto nao wamebanwa: tangu 2021 chini ya miaka 18 michezo ya mtandaoni ni Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu tu, saa 2 hadi saa 3.

Bint Pwani: Za nani?

Dafu: Za usiku. Zetu. Pweza, kaa kimya.