Naomba ushauri: kumtoa mwanafunzi kwenye Wikipedia hadi kwenye kitabu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Niko Tanga, nasaidia vijana wa kidato cha tatu kuandaa kazi za historia. Mada yao ni vita vya hapa Tanga vya Novemba 1914, Waingereza walipoleta askari kutoka India wakapigwa na jeshi la Wajerumani chini ya kamanda von Lettow-Vorbeck.

Kijana anafungua Wikipedia kwenye simu, ananakili aya nzima, kazi imeisha. Siwakatazi, maana kwa kuanzia inafaa sana: inakupa majina, miaka, na chini ya makala kuna orodha ya vitabu. Ila wanakwama kwenye tofauti. Maandishi mengine yanahesabu vita kuanzia tarehe 2, mengine tarehe 3. Naona zote zina sababu: tarehe 2 meli ya kivita ya Waingereza, HMS Fox, ilifika kutaka mji usalimu amri, mapigano yakafuata. Jambo hilo hulipati kwa kusoma makala moja, na makala yenyewe kesho inaweza kuhaririwa.

Je, mnawavushaje hadi kwenye kitabu chenyewe, hasa kisipokuwepo maktaba ya karibu? Na tukisoma gazeti la Kiongozi, lililochapwa hapa hapa Tanga enzi za Wajerumani, kuna maneno siyapati kwenye kamusi za mtandaoni. Niwape kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya mmisionari Krapf ya 1882, au ipo nyepesi zaidi kwa vijana? Aliyewahi kufundisha haya anielekeze tafadhali, kazi zinakusanywa mwisho wa muhula.