Mtoto akiuona tu mlango wa maabara anatetemeka, naombeni ushauri

MamaJua:
Habari za humu ndani. Mwanangu wa kiume ana miaka 4, anatibiwa, kila baada ya wiki 2 lazima atolewe damu na mara nyingine anawekwa kanula, kile kimrija cha plastiki kinachoachwa kwenye mshipa. Mwanzo alikuwa analia kawaida tu ila mwezi uliopita mshipa haukuonekana wakamchoma mara 3, tulikuwa watu 4 tumemkandamiza kitandani, mimi mwenyewe ndo nimeshika miguu, ananiangalia anasema mama waambie waache. Tangu siku hiyo usiku anashtuka. Juzi nikamdanganya tunaenda kutembea, alipogundua hakuniongelesha siku nzima. Jamani naumia. Tunarudi Alhamisi, nifanyeje?

Chuma_cha_pua:
Unamdekeza huyo. Wa kiume akazwe, atazoea tu.

NesiWodiYaWatoto:
Hapana ndugu, hazoei, anazidi kuogopa, wapo watu wazima wanakwepa hospitali kwa sababu ya sindano za utotoni. Hata zamani madaktari waliamini kichanga hasikii maumivu sawasawa, wakawa wanawapasua na ganzi kidogo sana, mpaka tafiti za miaka ya 1980 ndo zikaonyesha wanaumia na mwili unaathirika.

MamaJua pole sana mama. Kwanza usimdanganye tena, maana sasa ataogopa hata safari ya kawaida. Mwambie kwa maneno machache, utachomwa, utasikia kama unafinywa, halafu inaisha. Na usiseme haiumi, inauma. Pili ulizia krimu ya ganzi, ile yenye lidokaini na prilokaini, inapakwa juu ya mshipa inafunikwa na plasta isiyopitisha hewa, inakaa kama saa 1. Wengi wanaifuta baada ya dakika 10 halafu wanasema haifanyi kazi. Omba ipakwe mikono yote 2, huku wakikosa wanahamia kule, ila kiasi apange daktari kulingana na uzito wake.

Tatu, na hili ndo kubwa, asilazwe chali. Mpakate, kifua kwa kifua, miguu yake ikuzunguke kiunoni, mkono mmoja tu ndo utolewe kwa nesi. Hata WHO mwaka 2015 kwenye ushauri wao wa chanjo walisema mtoto apakatwe na mzazi, na anayenyonya anyonyeshwe palepale. Wewe kazi yako ni kumkumbatia, kukandamiza sio kazi ya mama.

BabaPacha:
Naunga mkono. Sisi kilichotusaidia ni mapovu ya sabuni, anapuliza taratibu wakati sindano inaingia, akipuliza na pumzi inashuka na mwili unalegea. Mpe na uchaguzi, mkono upi, aangalie au asiangalie, ila usimuulize kama yuko tayari maana atasema hapana na mtamchoma tu. Halafu usiogope kuongea na wahudumu, wakikosa mara 2 omba aitwe mzoefu zaidi, na uulize kama vipimo vyote vinaweza kutolewa kwa mchomo mmoja.

MamaJua:
Nimerudi. Krimu ilipatikana, tukasubiri saa nzima, nikampakata kama ulivyosema nesi. Alipoona glavu alilia, siwezi kudanganya, ila alichagua mkono wa kushoto mwenyewe na wakapata mara moja. Njiani akaniuliza tutakuja tena? Nikamwambia ndio, baada ya wiki 2, akanyamaza kidogo akasema basi na mapovu yaje. Nilishindwa kujizuia machozi. Swali moja nesi, plasta ilipotolewa ngozi ilikuwa nyeupe kabisa, ni kawaida?

NesiWodiYaWatoto:
Kawaida mama, inaweza kuwa nyeupe au nyekundu kidogo, inarudi yenyewe baada ya saa chache. Ikivimba au akitoka vipele hapo mwambie daktari kabla ya kupaka tena.