Tumechoka na "bei njoo inboksi": wauza vitabu wa Afrika Mashariki mnatusukuma wenyewe kwa Amazon

Wanajukwaa, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe, kinyume na wengi watakavyodhani, haiendi kwa Amazon peke yake. Amazon ni mfanyabiashara. Ilifungua duka lake la vitabu mtandaoni Julai 1995 na tangu hapo inafanya kile ambacho mfanyabiashara mwenye mtaji mkubwa hufanya. Wanaoniudhi ni wale waliopaswa kuwa mbadala wake, hasa walio hapa nyumbani, ambao kazi ya kuuza hawaifanyi na bado kila siku wanalalamika kwamba wateja hawapo.

Tuanze na zile orodha za "maduka mbadala" ambazo hurushwa kila mtu anapouliza. Nyingi zimeandikwa na mtu anayeishi London au Chicago, na hapa zinanakiliwa bila kukaguliwa. Bado kuna watu wanapendekeza Book Depository, duka la Uingereza lililoanzishwa 2004 na kupendwa kwa sababu lilituma vitabu nchi zaidi ya 100 bila kutoza gharama ya kusafirisha. Amazon ililinunua 2011 na kulifunga Aprili 2023. Wengine wanapendekeza AbeBooks ya Kanada kama njia ya kumkwepa mkubwa, ilhali AbeBooks ni mali ya Amazon tangu 2008. Yaani unatoka kwa mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa nyuma, pesa zikiingia mfuko uleule. Bookshop.org, iliyoanzishwa na Andy Hunter nchini Marekani Januari 2020 ili sehemu ya mapato iende kwa maduka huru, ni wazo ninaloliheshimu, lakini limejengwa kwa ajili ya wasomaji wa kule na mtu wa Mbeya hana lake. Anayetaka vitabu vilivyotumika anaweza kujaribu Biblio, ambayo haimo mikononi mwa Amazon, ila pale kila muuzaji hujipangia gharama ya kutuma, na kwa kitabu kizito kinachokuja Afrika Mashariki gharama hiyo mara nyingi huzidi bei ya kitabu chenyewe.

Kuna watakaosema tununue vitabu vya kielektroniki na tuachane na vifurushi. Sawa, ila tujue tunachokinunua. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za vitabu vya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, na Februari 2025 iliondoa njia ya kupakua kitabu cha Kindle, yaani kifaa chake cha kusomea vitabu, kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya wa USB. Kobo, kampuni iliyoanzia Toronto na sasa ni ya Rakuten ya Japani, inatumia mfumo wa EPUB ambao vifaa vingi vinausoma, na kwa vitabu vya Kiingereza naiona afadhali. Kwa vitabu vya Kiswahili hainisaidii sana, kwa sababu sehemu kubwa ya vitabu vyetu haijawahi kuuzwa kwa njia ya kielektroniki popote.

Hapo ndipo kiini cha malalamiko yangu kilipo. Wachapishaji wa Afrika waliunda African Books Collective mwaka 1985, yenye makao Oxford, ili vitabu vyao viwafikie wasomaji wa nje ya bara. Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa Dar es Salaam na Walter Bgoya mwaka 1991, ni mmoja wa wachapishaji ambao vitabu vyao hupatikana kwa njia hiyo, na simlaumu mchapishaji yeyote aliyejiunga, kwa sababu walitafuta soko na wakalipata. Ninachouliza ni kwa nini kitabu kilichoandikwa, kuhaririwa na kuchapishwa Dar es Salaam nakiona kwenye tovuti ya Oxford kikiwa na bei, idadi ya kurasa na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), wakati wauzaji walio umbali wa usiku mmoja wa basi kutoka kwangu hawawezi kunieleza hata kama wanacho.

Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda. Duka moja la Dar es Salaam, ambalo sitalitaja, linaweka picha nzuri ya kitabu Instagram bila bei. Ukiuliza, unaambiwa "bei njoo inboksi". Ukienda inboksi, kabla ya bei unaulizwa upo wapi, na ukisema upo mkoani bei inapanda hapohapo, kabla hata ya suala la usafiri kuzungumzwa. Ukikubali hiyo bei mpya, unajibiwa baada ya siku kadhaa: "Kimeisha mkuu." Picha inabaki palepale, na chini yake wateja wengine wanaendelea kuuliza bei.

Msiniambie tatizo ni miundombinu. Pesa ninayo kwenye simu, lipa namba ipo kila kibanda, na mabasi yanapokea vifurushi kila jioni. Muuza viatu wa Kariakoo ananitumia picha, bei na namba ya kulipia, kisha kesho yake asubuhi nachukua mzigo stendi ukiwa umeandikwa jina langu kwa maka peni. Hana tovuti wala mkutano wa wadau, na kiatu kina saizi, kinaweza kukubana, wakati kitabu hakimbani mtu.

Kenya wametutangulia, na haki yao tuwape: Text Book Centre, iliyoanza 1964, na Nuria wana tovuti zenye bei unazoziona bila kumwomba mtu, na mnunuzi wa kule analipa kwa M-Pesa. Lakini ukivuka Namanga mambo yanakuwa magumu. Jumia, lile duka la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na hadi leo wengi wetu tunapata vitabu vya Kiswahili vya Nairobi kwa kumsubiri ndugu anayesafiri, ndani ya Jumuiya hiyohiyo inayojivunia soko la pamoja.

Na tafadhali asije mtu hapa na ule msemo wa kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke kwenye maandishi. Msomaji anayefukuzia bei inboksi wiki nzima hajafichwa na maandishi. Amefichwa na muuzaji.

Ninachodai kwa wauzaji ni kidogo. Andikeni bei hadharani, ondoeni picha ya kitabu kilichoisha, tajeni gharama ya kutuma kwa kila mkoa, na lipa namba iwe na jina la duka badala ya jina la mtu nisiyemjua. Kwa wanajukwaa, naomba mtaje wauzaji wa Tanzania, Kenya au Uganda ambao tayari wanafanya hivyo, na mseme kama mmenunua kwao wenyewe au mmesikia tu. Wale wa "nenda Amazon tu" naomba mpite kimyakimya.