Kings Row (1942): kwa nini Daktari Tower alimwua Cassandra?

Mtazamaji_Mkaidi
Wakuu, swali kwa waliokwisha kuitazama filamu ya Kings Row. Ambaye bado, apite kwanza, maana nataja kila kitu.

Daktari Tower anamtoa binti yake shule, anamfungia ndani kwa miaka, kisha anamtilia sumu na kujipiga risasi. Daftari lake linasema Cassandra alikuwa ameanza wazimu wa mama yake, na kwamba hakutaka Parris, mwanafunzi wake wa udaktari anayempenda Cassandra, aharibikiwe kama alivyoharibikiwa yeye kwa ndoa. Mbona sababu hii haikai? Mtu anaua mwanawe ili kunusuru masomo ya mwanafunzi? Na kama binti ni mgonjwa tu, mbona hofu yake yote inamwelekea baba?

La pili: Daktari Gordon anamkata Drake, rafiki wa Parris, miguu yote miwili bila haja ya kitabibu. Hapo napo kuna kitu kimenyofolewa, au ndivyo hadithi ilivyo?

Kabrasha
Haikai kwa sababu ni kiraka. Katika riwaya ya Henry Bellamann ya 1940, Tower anamwingilia binti yake mwenyewe. Rudisha hilo mahali pake uone mambo yanavyonyooka: kufungiwa, wageni kutotakiwa, Cassandra kumsihi Parris amchukue Vienna kisha kukimbilia nyumbani kwa woga, na baba kuua baada ya mwanamume mwingine kuingia.

Kanuni za maadili za Hollywood zilikuwa zimekaziwa tangu 1934. Filamu ya studio kubwa isiyo na cheti cha ofisi ya Joseph Breen, msimamizi wa kanuni hizo, haikuwa na njia ya kufika kwenye majumba ya sinema ya maana, na zinaa ya maharimu haikuwa jambo la kujadiliana. Casey Robinson, mwandishi wa skripti, akabaki na kifo ambacho hadithi haiendi bila hicho, huku sababu yake imeng'olewa. Akaziba kwa wazimu wa kurithi: ndiyo maana mama anawekwa dirishani ghorofani mapema, ili daftari likisomwa tusishtuke. Kasoro ni kwamba sababu mpya inaeleza mauaji lakini haielezi woga. Woga ulibaki kutoka kitabuni.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Kitabuni Parris anamfupishia bibi yake mateso kwa mkono wake; filamuni bibi anakufa kwa maradhi tu. Drake naye kitabuni anafariki.

Nusukaputi
Kwa Gordon hakuna kilichonyofolewa. Rudi mwanzoni, 1890, watoto wakiwa wadogo: Gordon anampasua baba wa mtoto mwenzao bila dawa ya usingizi, kwa kisingizio kwamba moyo wa mgonjwa hautahimili, na mayowe yanasikika hadi nje. Tayari unamjua. Anajiona hakimu wa wenye dhambi, na kisu ndiyo hukumu yake. Drake ana sifa ya kupenda wanawake na amemchumbia Louise, binti wa Gordon. Halafu mpangilio unamleta mikononi mwake hatua kwa hatua: mwenye dhamana benki anatoroka na fedha za urithi wa Drake, Drake anaajiriwa reli, ajali inatokea, na daktari wa kumpokea ni huyohuyo.

Anayejifunza kuandika skripti alinganishe hawa madaktari wawili. Kitendo cha Gordon kimepandwa zaidi ya saa nzima kabla ya kuvunwa. Cha Tower kinaelezwa baada ya maiti mbili, na maelezo yanayokuja nyuma ya maiti siku zote yananuka udhuru.

Bi_Mkubwa_wa_Picha
Kabrasha, nakubali historia, nakataa hukumu. Kiraka kinafanya kazi kwa sababu ya Claude Rains, aliyemcheza Tower. Mtazame akimfundisha Parris: sauti shwari, macho hayatulii, na jina la binti likitajwa anageuza mazungumzo. Anaigiza kitabu, si skripti. Udhibiti ulifuta maneno, uso haukufutika. Na Betty Field hachezi Cassandra kama mgonjwa. Anamcheza kama mtu aliyekatazwa kusema. Ukitaka kuhakikisha, zima sauti katika maonyesho yao wawili.

Kuhusu miguu: Ronald Reagan, aliyemcheza Drake na rais wa Marekani wa baadaye, alieleza kwamba godoro lilitobolewa ili miguu yake ishuke chini ya kitanda, akalazwa humo muda mrefu kabla ya kamera kuwashwa. Ile kauli yake ya kuamka, akiuliza sehemu yake nyingine iko wapi, aliifanya jina la kitabu cha maisha yake, 1965.

Mtazamaji_Mkaidi
Nimeelewa, asanteni. Nataka kuirudia. Nianzie wapi, na mbona kwenye runinga yangu vichwa vinakatwa juu?

Nusukaputi
Vichwa ni runinga, si filamu. Umbo lake ni 1.37 kwa 1, karibu mraba. Runinga ya 16:9 ikiwekwa zoom inakata juu na chini. Ikiwekwa kunyoosha, watu wanakuwa mapande. Chagua 4:3 au ukubwa halisi, uache weusi pembeni. Hapa ni muhimu kuliko kawaida, kwa sababu mbunifu wa mandhari, William Cameron Menzies, alichora picha kwa picha kabla ya kupiga, na mpiga picha, James Wong Howe, akaweka mwanga ili aliye karibu na aliye mbali waonekane wote. Ukikata juu unapoteza dari, matawi na lile dirisha la mama.

Bi_Mkubwa_wa_Picha
Anza na kibao cha kwanza kabisa kinachousifu mji kuwa safi na mzuri kwa kulea watoto, kisha ruka hadi mke wa Gordon anapotaka Parris amfungie Louise kama mwendawazimu kwa kuwa amejua siri ya miguu. Wazimu ambao Robinson aliutumia kuziba siri ya Tower, hapo wahusika wenyewe wanataka kuutumia kuzika siri ya Gordon.

Kabrasha
Hilo la Louise sikuwa nimelitazama hivyo. Bado nasema daftari ni bovu.