Wageni wa kuongea na vijana shuleni: tulipe wahamasishaji ama tuite watu wa hapa?

MZAZI, KISUMU
Wadau, tujadiliane hii kabla ya mkutano wa wazazi wiki ijayo. Shule ya kijana wangu, ya wavulana, ya bweni, inataka kila mzazi aongeze mia tano kila muhula ndio waletwe wahamasishaji kutoka Nairobi waongee juu ya nidhamu na mihadarati. Wengi wamesema sawa. Mimi nimekataa, na shida yangu si pesa, ingawa sheria ya elimu ya msingi ya 2013 haikubali shule ya umma ianzishe malipo mengine hivi hivi bila idhini ya waziri.

Muhula uliopita nilipeleka karo nikamkuta mmoja ukumbini. Vijana karibu mia tisa, jua la saa nane, jamaa na suti yake na maiki anaruka jukwaani, anawaambia wamguse jirani wamwambie wewe ni tai, kisha akawaonyesha ufunguo wa gari. Walipiga kelele mpaka mabati yakatetemeka. Kijana alipokuja nyumbani mapumziko nikamuuliza mliambiwa nini, akafikiria sana, akasema, "Alikuja na gari kubwa."

Sasa linganisheni na hii. Mwaka jana mwalimu wa dini hapo hapo alileta mvuvi mzee kutoka ufuo mmoja wa ziwa. Darasa moja tu la fomu tatu, vijana kama arobaini, hakuna maiki. Mzee akaongea juu ya jaboya. Kwa wale wa mbali na ziwa: mwenye mashua anakataa kumuuzia mama samaki mpaka mama alale na yeye, na mama hana namna kwa sababu akikosa samaki asubuhi jioni hakuna unga. Hiyo tabia imesambaza ukimwi sana huku fuoni. Mzee akasema hata mimi nilifanya. Akasimulia vile alikuja kuzika mke wake, na vile yule mama mwingine alikuwa na watoto wa rika lao, akanyamaza. Kijana mmoja akamuuliza, "Na ulimwomba msamaha?" Mzee akasema alikufa kabla sijaenda.

Kijana wangu alinisimulia hayo usiku mzima, mamake akaacha sufuria jikoni akaja kusikiza. Wiki tatu baadaye walikuwa bado wanabishana bwenini kama unaweza kusamehewa na mtu ambaye hayuko tena. Hiyo ndiyo nataka. Mgeni aache swali, halafu vijana wapewe saa ya kukaa nalo na mwalimu, wachache wachache. Kipindi cha PPI, kile cha dini na maadili, kiko kwa ratiba kila wiki na kazi yake ni hiyo, lakini mnajua vile kinamezwa na hesabu.

MWALIMU, KAKAMEGA
Mzazi nakuheshimu lakini mimi ni naibu wa mwalimu mkuu, niko na vijana 1,200 na walimu wawili wa ushauri ambao pia wanafundisha vipindi ishirini na kitu. Hiyo ya arobaini arobaini nitaifanya lini? Kiboko kilipigwa marufuku 2001, tukaambiwa tutumie ushauri nasaha, watu hatukuongezewa. Mwaka huo huo wavulana 67 walikufa shule ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa na wanafunzi wenzao. 2016 zaidi ya shule mia ziliwaka, Kisii waliona mambo. Nikiona bweni limeanza kunong'ona namwita mhamasishaji kwa sababu watatulia wiki mbili na mimi nitapata usingizi. Halafu huyo mvuvi, nani alimchunguza? Akiharibu, wewe mzazi ndio wa kwanza kunipigia.

MWANAFUNZI WA ZAMANI, NAKURU
Mimi ni Mwislamu, wageni wetu wote walikuwa wahubiri, kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili na kila mtu lazima akae ukumbini. Katiba ibara ya 32 inasema hakuna kulazimishwa kinyume na imani yako lakini nani angemwambia mwalimu wa zamu? Miaka minne nilinyamaza tu. Mgeni mmoja nakumbuka, nesi mwanaume, alitueleza vile alimuosha babake mgonjwa mpaka mwisho. Hakuhubiri. Nimemkumbuka kila wakati mzee wangu akiugua.

MZAZI, KISUMU
Mwalimu, hapo kwa kuchunguza uko sawa, sikuwa nimefikiria. Yule mvuvi mwalimu alimjua miaka mingi. Basi mgeni aongee na shule kwanza, na siku yenyewe mwalimu asitoke darasani hata dakika moja.

Lakini kwa moto hatuelewani. Kijana anayefikia kushika kiberiti amekaa na neno tumboni siku nyingi, sasa ukimweka katikati ya mia tisa apige makofi, nani amemuuliza kitu? Hizo wiki mbili zikiisha bado analo.

Muda tunaweza kuupata. Fomu tatu kwetu ni mikondo sita, mkondo mmoja kila Jumamosi, saa moja ya prepu, yaani masomo ya jioni, ni Jumamosi sita tu. Mgeni apewe nauli na chakula. Na ndugu wa Nakuru nimekusikia, tuwatafute kwa maisha yao, dini yoyote.

Kuna fundi wa pikipiki hapa Kondele aliyeacha bangi, nimeongea naye, amekubali kuja. Barua ya mwaliko nishaiandika, inangoja sahihi ya mwalimu mkuu.