Kama wagombea wote hawakuridhishi, kura yako inakwenda wapi?

Sahare_Kasera
Wakuu, swali hili linazunguka vijiwe vya kahawa hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Makorora. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 Chadema haikuwemo, mgombea urais wa ACT-Wazalendo alienguliwa, matokeo ya urais yakatangazwa zaidi ya asilimia 97, na watu waliopoteza maisha siku zile hakuna asiyezijua habari zao. Sasa mtu akisema 2030 hapangi foleni kwa ajili ya watu asiowataka, anaitwa msaliti. Akisema atapiga, anaitwa zuzu. Naomba wajuzi mnijibu kwa vifungu na hesabu: kura ya mtu asiyeridhishwa na yeyote inafanya kazi gani? Matusi yana nyuzi zake, tusichafue huu.

Mzee_wa_Chumbageni
Umelijumlisha mno swali. Bara mpigakura hapewi kura moja, anapewa karatasi tatu: rais, mbunge na diwani. Kila karatasi ina hesabu yake, na mtu anaweza kuikatia tamaa moja asizitupe zote.

Tuanze na urais, maana ndiko watu wanakoumia. Zamani mshindi alitakiwa kuvuka nusu ya kura halali. Mabadiliko ya 13 ya Katiba, mwaka 2000, yakaliondoa sharti hilo. Sasa anayeongoza ndiye anayechukua, hata wengi wakiwa wamemkataa kwa kugawana kura kwa wengine. Kiwango cha chini cha mahudhurio hakipo. Mwaka 2010 waliojiandikisha walikuwa milioni 20 na ushei, waliojitokeza milioni 8.6, yaani hawakufika hata asilimia 43. Rais akaapishwa na akamaliza miaka yake mitano kama kawaida. Juu ya hapo kuna ibara ya 41(7): akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Kwa hiyo kwa mtu asiyeridhika, hii ndiyo karatasi nyepesi kuliko zote. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Karatasi ya mbunge ni habari nyingine kabisa, na hapa wengi hawajui. Kura ya mgombea ubunge aliyeshindwa haifi. Viti maalum vya wanawake vinagawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge nchi nzima, kwa vyama vilivyopata angalau asilimia tano ya kura halali. Mwaka 2020 Chadema ilishinda jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini. Lakini kura za walioshindwa kwingine kote zilizaa viti maalum 19. Kilichofuata mnakijua: chama kikasema hakikupeleka orodha ya majina ya wanawake hao, kikawafukuza uanachama, na wenyewe wakabaki bungeni. Hiyo ni kesi nyingine. Hesabu ya kura ilifanya kazi. Palipovunjika ni kati ya chama na orodha yake.

Kuna namba nyingine mbili za kukaa nazo kichwani. Kambi rasmi ya upinzani haiundwi bila asilimia 12.5 ya wabunge wote. Na Katiba haibadilishwi bila theluthi mbili, kwa hiyo upande wa pili ukivuka theluthi moja unaweza kuzuia, chini ya hapo unapiga kelele tu. Ndiyo maana mtu akiniambia "chama changu hakiwezi kuunda serikali, nikipigie cha nini", namwona amehesabu kitu kimoja akasahau vitatu.

Ya diwani ndiyo watu wanaichukulia poa, wanaweka tiki kwa mazoea huku wakitafuta wino wa kidole. Meya wa Jiji hachaguliwi na wewe, anachaguliwa na madiwani. Bajeti ya halmashauri inapitishwa na baraza lao. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, usimamizi wake unaanzia kwao. Mtaro wa barabara yenu Ngamiani ukijaa taka mpaka maji yarudi uani, anayebanwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata ni diwani, maana mwenyekiti wa kamati ile ni yeye. Na kwa vile kata ina wapigakura wachache, kundi la watu mia mbili waliokubaliana linaweza kugeuza matokeo. Kwenye urais mia mbili hawaonekani hata kwenye desimali.

Kaa_Nyumbani
Shikamoo mzee. Hesabu zako ziko sawa ila umeanzia katikati ya mto. Karatasi inapofika mkononi mwa mpigakura, uchaguzi ulishafanyika zamani.

Kwanza, bila chama huruhusiwi kugombea. Mchungaji Mtikila aliipeleka hoja hiyo mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, ikampa haki Juni 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki yake. Katiba haijabadilika mpaka leo. Pili, kuna fomu. Mgombea urais anatakiwa wadhamini 200 waliojiandikisha katika kila mkoa, mikoa isiyopungua kumi, miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar. Jina la mdhamini likikosewa herufi, namba ya kadi ikirukwa, pingamizi linaingia. Kwenye serikali za mitaa mwaka 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, tena wengine kwa makosa ya ujazaji tu, mpaka vyama vikajitoa. Tatu, kuna kura za maoni ndani ya chama. Kwenye majimbo ambayo chama kimoja kina uhakika wa kushinda, hizo ndizo uchaguzi wenyewe, na wanaoamua ni wajumbe. Msemo wa 2020 bado unaishi: wajumbe si watu.

Sasa mtu asiyekuwepo kwenye hatua hizo tatu, unamwita siku ya mwisho aje kufanya nini? Kupamba mahudhurio. Asilimia ya waliojitokeza ni bidhaa, inauzwa kwa waangalizi na wafadhili. Kukaa nyumbani ni kugoma kuitengeneza bidhaa hiyo.

Mzee_wa_Chumbageni
Marahaba. La fomu na la wajumbe sikupingi, na anayetaka mbunge afadhali katika jimbo la namna hiyo achukue kadi ya chama akapigane huko ndani, hata kama roho haitaki.

Ila kususa nako kuna bei, na bei yake tuliiona hapo ng'ambo. Zanzibar uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. CUF ikasusa. Katiba ya Zanzibar inatoa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais kwa chama cha pili kikifikisha asilimia kumi ya kura za urais. Aliyesusa hakufikisha kitu, na hakuna mwingine aliyefika, kwa hiyo kiti kikakaa wazi miaka karibu mitano. Mwaka 2020 ACT-Wazalendo ililalamikia matokeo vilevile, lakini kura zake zilikuwa zimevuka kiwango, na Desemba mgombea wake, Maalim Seif, akaapishwa kushika kiti hicho. Malalamiko yaleyale, matokeo mawili tofauti.

Susa inayofanya kazi ni ile yenye chama, tarehe na dai linaloeleweka. Mmoja mmoja akikaa nyumbani, daftari la wapigakura halijui kama amegoma, anaumwa au yuko baharini.

BintiPangani
Naongeza la vijijini, maana hapa mnazungumza Jiji tu. Ukitoka Tanga ukaingia Muheza, Mkinga au kwetu Pangani, kura yenye uzito kuliko zote haina kadi wala sanduku. Ni mkono wako kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia. Mwekezaji anayetaka eneo la mkonge, la chumvi au la hoteli ufukweni, mlango wake halali ni huo.

Panapoharibika ni kwenye karatasi ya mahudhurio. Inapitishwa mwanzoni, watu wanasaini wakidhani ni orodha ya waliohudhuria, juu imeachwa wazi. Baadaye inabandikwa nyuma ya muhtasari unaosema "tumeridhia". Kwa hiyo kabla hujaweka saini, angalia juu ya karatasi pameandikwa nini: tarehe na ajenda viwepo. Pakiwa patupu, usisaini. Mwisho wa mkutano dai muhtasari usomwe kwa sauti, na idadi ya walioafiki na waliokataa iandikwe kwa tarakimu. Mikutano hii ni kila miezi mitatu na taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa isomwe hapo. Isiposomwa, kaulize kwa mtendaji wa kata.

Na msichanganye mambo: uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji na mitaa hautumii kadi ya Tume. Ule wa Novemba 2024 ulikuwa chini ya TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa) na orodha yake yenyewe, watu walijiandikisha upya tarehe 11 hadi 20 Oktoba, siku kumi basi. Wengi waliofika na kadi ya Tume peke yake hawakupiga.

Sahare_Kasera
Ahsanteni, hapa nimepata cha kubishania. Swali la mwisho. Kuna wanaosema wataenda lakini wataiharibu karatasi makusudi, waandike "hakuna anayefaa". Hiyo inahesabiwa?

Wakala_Fomu21
Inahesabiwa, lakini si kwa namna wanayodhani. India wameweka kitufe cha "hakuna kati ya hawa" tangu 2013, na hata huko kikiongoza, mgombea anayefuata ndiye anayeshinda. Kwetu hata hicho hakipo.

Kituoni baada ya kufunga saa kumi jioni (aliyekuta foleni kabla ya muda huo bado anapiga), sanduku linamwagwa mezani na karatasi inafunuliwa moja moja mbele ya mawakala wa vyama. Karatasi isiyo na alama rasmi ya kituo, yenye tiki kwa wagombea wawili, isiyo na alama yoyote, au yenye maandishi yanayoweza kumtambulisha mpigakura, inakwenda fungu la zilizoharibika. Msimamizi hasomi ujumbe wako kwa sauti. Zikiisha, idadi yake inaingia mstari mmoja wa fomu ya matokeo: 21A ya rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani. Mwenye hasira, aliyekosea na mzee asiyeona vizuri wote wamo kwenye namba moja, na asilimia za wagombea zinapigwa kwa kura halali tu. Kwa maana hiyo kuharibu na kutokwenda vinafanana kwa mshindi, tofauti ni kwamba aliyeharibu amehesabiwa kwenye mahudhurio.

Ukitaka kufanya kitu chenye meno, subiri fomu ibandikwe ukutani, ipige picha ikionyesha jina la kituo na saini. Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu kutangazwa, na kesi nyingi zinalegea kwa kukosa fomu za vituo.

Unaweza pia kuacha karatasi ya rais tupu ukapiga ya mbunge na diwani. Zinahesabiwa mbalimbali, moja haiharibu nyingine.

Sahare_Kasera
Na aliyejiandikisha Handeni, sasa anaishi Duga?

Wakala_Fomu21
Ahamishe taarifa wakati wa uboreshaji wa daftari, ambao hufanyika mara mbili kati ya uchaguzi mkuu na mwingine. Asijiandikishe upya kama mpya, mara mbili ni kosa la jinai. Akague na herufi za jina papo hapo kabla hajaondoka, "Mwanaidi" asirudi nyumbani akiwa "Mwanahidi", maana siku akipoteza kadi na kutaka kutumia kitambulisho cha NIDA, wataangalia kama majina yanalingana.

Sahare_Kasera
Hiyo Mwanaidi umemtaja shangazi yangu. Naenda kumkagulia kadi.