Tupeane uzoefu: Paris kwa wawili, siku tano, bila kugombania foleni

Mwanzisha uzi
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoijua Paris kwa miguu. Kila mmoja aweke anachokijua: karatasi, nauli, tiketi, chakula, na pale watu wanapokwama. Picha za kukumbatiana mbele ya mnara wa Eiffel mziweke stetasi.

Naanza na viza. Schengen, yaani viza moja ya Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, haina fomu ya mke na mume. Kila mtu ana fomu yake, picha yake, alama zake za vidole na ada yake, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ukinyimwa, hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 kwa kila kichwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, ila anayesubiri siku 15 anacheza kamari.

Faili linaloanguka sana ni la yule asiye na kipato. Anabandika taarifa ya benki ya mwenzake na kuishia hapo. Kila faili lijitosheleze likisomwa peke yake: cheti cha ndoa, barua inayosema nani anamlipia nani, taarifa ya benki ya mlipaji, na nakala ya pasipoti ya mlipaji. Cheti kikiwa cha Kiswahili au Kiarabu tu, kitafsiriwe. Na pesa nyingi iliyotua akaunti wiki moja kabla ya maombi inaleta maswali kuliko salio dogo lenye historia.

Mkipanga siku 2 Paris na siku 5 Amsterdam, maombi yanakwenda Uholanzi. Ubalozi unaohusika ni wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Mlioko Uingereza, viza ya Uingereza haiwavushi kwenda Ufaransa hata treni iwe ya saa mbili na ushee.

Mtu wa Reli
Kwenye usafiri wa Paris nako mnahesabiwa vichwa. Kadi ya kujaza tiketi inaitwa Navigo Easy, euro 2. Mnanunua mbili.

Bi Kisauni
Samahani kaka, hata tukijaza tiketi kumi kwenye kadi moja, nikapita mimi halafu nikampa mwenzangu?

Mtu wa Reli
Hapana dada. Kanisani au mbele ya kadhi ni mwili mmoja, kwenye geti la metro (treni ya chini ya ardhi) ni wawili. Kadi moja haiwabebi watu wawili wanaosafiri pamoja, na wakaguzi wanasimama kwenye korido za kubadilishia treni wakiwa na mashine ya kusoma kadi. Ukimpasia mwenzako, mmoja wenu ataonekana hajalipa, na faini inalipwa palepale. Kadi isitupwe mpaka mko nje ya kituo, kwa sababu baadhi ya vituo vinaidai tena kutokea.

Sasa hesabu. Mwaka 2025 safari moja ya metro au treni ya mjini ilikuwa euro 2.50, na ya kutoka au kwenda uwanja wa ndege euro 13 kwa mtu. Bei hupanda kidogo kila Januari. Kadi ya wiki ya kanda zote ilikuwa karibu euro 32, na inafika uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Kwenda na kurudi uwanjani tu ni 26, kwa hiyo mkipanda metro mara nne, ya wiki imeshinda. Mtego uko hapa: wiki yao ni Jumatatu hadi Jumapili, si siku saba tangu ununue. Mkitua Jumatatu au Jumanne, chukueni. Mkitua Ijumaa, mtauziwa ya wiki ijayo. Kadi inayobeba wiki ni nyingine, Navigo Découverte, euro 5, inabandikwa picha ndogo ya pasipoti. Bebeni picha kutoka nyumbani, mbili kila mtu.

Kutoka uwanjani, treni ya RER B inafika kituo cha Gare du Nord mjini kwa takriban nusu saa. Usiku na wikiendi hukatwa kwa matengenezo, angalieni kabla. Mkiwa na masanduku manne, teksi ina bei iliyowekwa kisheria: kutoka Charles de Gaulle euro 56 kwenda kaskazini mwa mto Seine, 65 kusini (bei ya 2025). Ni bei ya gari, si ya mtu. Anayewafuata ndani ya ukumbi wa kuwasili akisema "taxi, taxi" si teksi. Teksi halisi ziko nje kwenye foleni, na zina taa juu ya paa.

Mama Saa
Watu wetu wanaokosa zamu ya mnara hawakosi kwa kuchelewa, wanakosa kwa saa ya Kiswahili. Tiketi ya 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Mmoja anasoma "14", mwingine kichwani anaweka saa nne. Tena Paris iko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa moja kiangazi, saa mbili majira ya baridi. Simu ijirekebishe yenyewe, msibebe saa ya mkononi ya nyumbani.

Jambo la pili ni giza. Kwetu jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Paris, Juni linazama karibu saa nne usiku, Desemba kabla ya saa kumi na moja jioni. Eiffel humetameta dakika 5 za mwanzo wa kila saa baada ya giza kuingia. Kwa hiyo Juni mtakesha, Desemba mtaona kabla ya chakula cha jioni. Pa kusimama bila kulipa ni uwanja wa Trocadéro, ng'ambo ya mto.

Tiketi za lifti hufunguliwa siku 60 kabla kwenye tovuti ya mnara wenyewe, na za kileleni huisha mapema. Mkikosa, jaribuni za ngazi: 674 hadi ghorofa ya pili. Hakuna ngazi za umma kufika kileleni, hapo ni lifti tu. Upepo ukizidi, kilele kinafungwa. Binafsi naona ghorofa ya pili inatosha. Kileleni mji unakuwa kama ramani na hamtambui kitu.

Fundi Makumbusho
Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne. Makumbusho ya Orsay na kasri la Versailles, Jumatatu. Andikeni nyuma ya mkono.

Louvre inauzwa kwa tarehe na saa. Tangu Januari 2026 mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, Norwe, Iceland na Liechtenstein analipa euro 32 badala ya 22. Jumatano na Ijumaa inafungwa saa 3 usiku, na jioni hizo umati hupungua. Piramidi ya kioo ndiyo mlango wenye foleni ndefu. Kuna mlango wa chini kupitia maduka ya Carrousel, 99 rue de Rivoli. Sanduku la safari halipokelewi, siku ya kuondoka mizigo ibaki hotelini.

Mona Lisa ni ubao wa sentimita 77 kwa 53, ndani ya kioo, na watu mia mbele yenu wakiinua simu. Piga picha, kisha geuka. Ukuta wa nyuma yenu una Harusi ya Kana, picha ya mchoraji Veronese, karibu mita 7 kwa 10, na hakuna anayesukumana hapo. Saa tatu ndani zinatosha. Baada ya hapo mnaanza kujibizana, na si kosa la mtu, ni sakafu ya mawe.

Notre-Dame ilifunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa Aprili 2019. Kuingia ni bure, kuweka nafasi ni bure. Anayewauzia tiketi ya kuingia kanisani anawauzia hewa.

Ghorofa ya Tano
Hotelini: kitanda cha "wawili" mara nyingi ni sentimita 140. Wenye miili ulizieni 160 mapema. Hoteli kongwe, ulizeni kama ina lifti. Kodi ya utalii ni kwa kila mtu kila usiku, hulipwa mkifika. Soketi ni za pini mbili za duara, plagi zetu za pini tatu haziingii bila adapta.

Anwani isomeni mwishoni: 75005 ni mtaa wa 5, 75018 ni wa 18. Mitaa iko 20, inazunguka kama gamba la konokono kutoka katikati, namba ndogo ndizo za katikati.

Bin Forodha
Chakula. Jikoni nyingi hufungwa saa nane na nusu mchana hadi saa moja jioni. Mkichelewa, nendeni duka la mikate. Mchana kuna "formule", sahani mbili kwa bei pungufu kuliko usiku. Semeni "une carafe d'eau", maji ya bomba yanaletwa bure. Mkisema "maji" tu mtaletewa chupa na bili. Huduma imo kwenye bei.

Wasiokula nguruwe, mtambue maneno haya: porc, jambon, lardons. Hilo la tatu hujificha ndani ya saladi. Nyama ya halali ipo tele maeneo ya Barbès na Belleville. Msikiti Mkuu, uliofunguliwa 1926, uko mtaa wa 5, kituo cha Place Monge. Ijumaa hautembelewi na watalii, lakini chai ya nanaa kwenye ua wake wa pembeni ipo.

Mwana Lubumbashi
Mukitamani sombe (majani ya mihogo) ao samaki ya kukausha, shukeni kituo cha Château Rouge, metro laini ya 4. Soko la rue Dejean liko palepale, mihogo na makemba (ndizi za kupika) vyote munapata.

Bi Kisauni
Na wezi je?

Mtu wa Reli
Dada, wapo, na wanawapenda wawili kwa sababu mmoja anapiga picha na mwingine anatabasamu, mkoba hauna mwenyewe. Pale kanisa la kilimani la Sacré-Coeur kijana anakufunga uzi mkononi halafu anadai pesa: mikono mfukoni, endelea kupanda. Wasichana wenye karatasi ya kusaini, msisimame. Mchezo wa vikombe vitatu Trocadéro, wanaoshinda ni wenzao. Metro laini ya 1, usishike simu karibu na mlango, huchomolewa milango ikijifunga.

Na kufuli la mapenzi, lile wapenzi wanalofunga darajani, acheni. Mwaka 2014 sehemu ya ukingo wa daraja la Pont des Arts iliporomoka kwa uzito wa kufuli hizo, 2015 wakang'oa tani 45, sasa kuna kioo.